Figo zikifika hatua ya nne: dayalisisi inaweza kusubiri kwa muda gani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 57, naishi Muheza. Nina kisukari, huu ni mwaka wa 14, na presha ilifuata baadaye. Mwezi uliopita nimepimwa nikaambiwa kreatinini ni 240, figo zinafanya kazi kwa 26, hatua ya nne, nijiandae kusafishwa damu. Miaka miwili nyuma kreatinini ilikuwa 150 na hakuna aliyeniambia kitu. Mkojo una protini ya alama mbili, potasiamu 4.9, presha inacheza kwenye 160/95. Natumia metformini na glibenklamidi za sukari, na amlodipini ya presha. Losartani niliwahi kupewa, muuza duka la dawa akaniambia inaua figo, nikaacha. Magoti yakiuma nameza diklofenaki au nachomwa sindano yake. Sukari sasa imetulia yenyewe, usiku inashuka hata 3.4. Miguu inavimba jioni. Mke wangu ameniondolea maharage, nyama, samaki na matunda yote. Nakunywa maji lita nne kwa siku kusafisha figo, na jirani ameniletea dawa ya mizizi ya kuzibua figo. Nauliza: dayalisisi naweza kuikwepa? Na Ramadhani nifunge?

JIBU: Kaka, kukwepa moja kwa moja sikuahidi, na atakayekuahidi mkimbie. Kuchelewesha kunawezekana, tena kwa hali uliyoeleza huenda ikawa ni kwa miaka. Nasema hivi kwa sababu barua yako imejaa mambo yanayoziumiza figo kila siku na ambayo yanaondoleka. Mgonjwa anayenitia wasiwasi ni yule ambaye presha yake ipo sawa, dawa zake ni sahihi, chakula chake kimepangwa, na bado figo zinateremka. Wewe hujafika huko. Kwako karibu kila kitu bado kina nafasi ya kurekebishwa.

Tuanze na hiyo 26, maana inatisha watu kuliko inavyostahili. Ni makadirio ya mililita za damu ambazo figo zako zinasafisha kila dakika. Mtu mwenye figo nzima huwa na 90 na kuendelea, ndiyo maana wengi wanaisoma kama asilimia, na si kosa kubwa. Kuanzia 15 hadi 29 tunaita hatua ya nne, chini ya 15 ni ya tano. Inapigwa kutokana na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu; nimepiga hesabu yako kwa fomula ya mwaka 2021 nikapata hiyohiyo 26. Maabara ikikupa siku moja namba ya juu ghafla, uliza inatumia fomula ipi. Ile ya zamani, ya 2009, ilikuwa ikimwongezea mtu mweusi takriban asilimia 16 kwa sababu ya rangi yake tu, na kuna kompyuta ambazo bado hazijaisahau. Kwa hiyo pima maabara ileile, na usile sahani ya nyama usiku wa kuamkia kipimo, maana nyama iliyopikwa inapandisha kreatinini kwa muda.

Ila 26 peke yake hainiambii mengi. Linaloniambia ni 150 yako ya miaka miwili iliyopita. Kwa umri uliokuwa nao, hiyo 150 ilikuwa sawa na figo zinazofanya kazi kwa takriban 47. Yaani kwa miaka miwili umepoteza 20 na ushee, kama 10 kila mwaka. Ukiendelea kwa mwendo huo, chini ya miaka miwili utakuwa unashuka kwenye 8, mahali ambapo watu wengi tayari wako kwenye mashine ya kusafisha damu, yaani dayalisisi. Tukiweza kuupunguza mwendo ukawa 3 kwa mwaka, safari hiyohiyo ya kutoka 26 hadi 8 inachukua miaka sita. Kazi yetu yote, mimi, wewe na shemeji jikoni, ni kuupunguza huo mwendo. Figo zilizokufa hazifufuki. Tunashughulika na zilizobaki.

Na hizi zilizobaki zina tatizo lao. Kila figo ilizaliwa na vichujio vidogo kama milioni moja. Vinapokufa, vile vilivyosalia havipunguziwi kazi. Vinabeba mzigo wa marehemu, kama kijiji ambacho vijana wamehama na wazee wachache waliobaki wanalima shamba lote. Damu inapita ndani yao kwa msukumo mkubwa, kuta zinachoka, protini inavuja kwenye mkojo, na hiyo protini yenyewe inazidi kuzichoma. Ndiyo maana ugonjwa wa figo huendelea hata pale chanzo chake kilipotulia. Hizo alama mbili za protini kwenye mkojo wako ndizo moshi wa moto huo. Omba kipimo cha kulinganisha albumini, ndiyo hiyo protini, na kreatinini ya mkojo, ili tuwe na namba ya kufuatilia badala ya alama za kijumlisha.

Kabla hatujaanza kulaumu kisukari kwa kila kitu, umeshapigwa utrasaundi ya figo na kibofu? Hujaitaja. Mwanamume wa umri wako anaweza kuwa na tezi dume inayobana mkojo usitoke, na mtu aliyekulia karibu na maji ya mto anaweza kubaki na makovu ya kichocho kwenye mirija. Mkojo ukirudi nyuma unaziua figo polepole bila maumivu. Hiyo ni sababu inayoweza kuondolewa, na figo zikarudisha kiasi. Ni kipimo cha bei nafuu. Kafanye.

Sasa dawa. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo ulipo.

Diklofenaki iache leo, ya kumeza na ya sindano, pamoja na ndugu zake ibuprofeni, meloksikamu na piroksikamu. Dawa hizi zinabana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Mtu mwenye figo nzima hasikii kitu. Mwenye 26 anaweza kushuka hatua nzima kwa wiki moja ya maumivu ya goti, hasa kama anaharisha au yuko juani anatoa jasho. Fundi anayesimama kutwa nzima kwenye randa lazima magoti yamsumbue, naelewa. Tumia paracetamoli, isizidi gramu 3 kwa siku, na ukienda dukani usiseme tu "nipe ya maumivu". Sema, "nina ugonjwa wa figo, nipe paracetamoli." Vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kwa jina la mafua au mgongo, soma pakiti, mara nyingi mmojawapo wa hao ndugu amejificha mle.

Metformini haitakiwi kwenye figo zilizo chini ya 30, kwa sababu inabaki mwilini na inaweza kuifanya damu iwe na tindikali ya hatari. Glibenklamidi ndiyo inayonishtua zaidi. Unasema sukari imetulia yenyewe na unashukuru. Kaka, usishukuru bado. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyovunja insulini na kutoa dawa za sukari mwilini. Zinapodhoofika, insulini inakaa muda mrefu kwenye damu, na glibenklamidi inarundikana. Sukari inashuka kwa sababu figo zimeshindwa kuondoa dawa, wala si kwa sababu kisukari kimepona. Hiyo 3.4 ya usiku ni sukari ya chini. Siku moja unaweza kulala usiamke, na nyumbani wakadhani ni usingizi. Kwa hiyo usisubiri miadi ya mwezi ujao. Wiki hii nenda kwa daktari wako na karatasi hizo, akubadilishie. Kuna dawa za kundi hilohilo zilizo salama zaidi kwa figo, kama gliklazidi kwa dozi ya uangalifu, na kuna insulini kwa dozi iliyopunguzwa. Hadi utakapomuona, weka sukari na glasi ya maji karibu na kitanda, na shemeji ajue dalili: jasho, kutetemeka, kuongea maneno yasiyoeleweka.

Losartani, dawa ya presha. Kama kuna neno moja kwenye barua yako lililonikera, ni lile la muuza duka. Najua lilikotoka. Mgonjwa akianza losartani au ndugu yake enalaprili, kreatinini hupanda kidogo wiki za mwanzo, na mtu asiyejua anaona karatasi anasema dawa inaua figo. Kinachotokea ni kwamba dawa inalegeza ule mshipa wa kutolea damu kwenye kichujio, msukumo unapungua, kichujio kinapumzika. Kupanda hadi asilimia 30 kunakubalika. Kwako ina maana hata ikifika 300 hivi mwanzoni kisha ikatulia, hatuikimbii. Utafiti mkubwa wa losartani kwa wagonjwa wa kisukari wenye figo mbovu, uliotolewa mwaka 2001, uliwafuata watu zaidi ya 1,500. Waliomeza losartani walifika kwenye figo kufa kabisa kwa asilimia 28 pungufu kuliko wenzao. Na mwaka 2022 Waingereza walijaribu kinyume chake: wagonjwa 411 wenye figo zilizokwisha kuchoka sana, nusu wakaachishwa dawa za aina hii kuona kama figo zitapata nafuu. Baada ya miaka mitatu hakukuwa na faida yoyote ya kuacha.

Sharti lake ni moja: potasiamu. Losartani inaizuia isitoke, na wewe uko 4.9, karibu na ukingo wa kawaida ambao ni 5. Kwa hiyo inaanza kwa dozi ndogo, na ndani ya wiki mbili unarudi kupima kreatinini na potasiamu. Asiyeweza kurudi kupima ni bora asianze. Na ukiwa unaitumia, jihadhari na Septrini. Vidonge hivyo vinagawiwa kama karanga kwa kila kikohozi na kila UTI, lakini vikikutana na losartani kwenye figo dhaifu, potasiamu inaweza kuruka mpaka moyo usimame.

Presha yenyewe tunaitaka chini ya 130/80. Hiyo 160/95 ndiyo inayokula figo zako kwa kasi kuliko sukari ya leo. Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko, kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano bila kuongea na bila simu, ndipo upime, asubuhi na jioni. Amlodipini utabaki nayo, ila ujue yenyewe pia inavimbisha vifundo vya miguu. Uvimbe wako unaweza kuwa umetokana na amlodipini, na chumvi, na figo, vyote kwa pamoja. Ukipimwa na kuonekana una maji ya ziada, daktari ataongeza furosemidi, dawa ya kuyatoa kwa mkojo.

Kuna dawa nyingine ambayo nataka uiulizie kwa jina: dapagliflozini, au dada yake empagliflozini. Zilianza kama dawa za kisukari, zinatoa sukari kwa njia ya mkojo. Baadaye ikaonekana zinapunguza ule msukumo ndani ya kichujio kwa njia tofauti na losartani, kwa hiyo zinasaidiana. Utafiti wa dapagliflozini wa mwaka 2020 ulikuwa na wagonjwa 4,304. Hatari ya figo kushuka kwa nusu, au kufa kabisa, au mtu kufariki kwa figo au moyo, ilipungua kwa asilimia 39. Ule wa empagliflozini uliofuata ulichukua hata watu wenye 20. Zinaanzishwa figo zikiwa 20 au zaidi, na wewe una 26. Mlango bado uko wazi, lakini hauko wazi sana, ndiyo maana nakuharakisha. Bei yake ilikuwa kilio, sasa zipo za viwanda mbalimbali na imeanza kushuka. Uliza pia kama bima yako inailipia. Usafi wa sehemu za siri uwe wa makini, kwa sababu mkojo wenye sukari unaleta fangasi.

Na hizi dawa zina kanuni ya siku za kuumwa, ambayo watu hawaambiwi. Siku ukitapika, ukiharisha au ukashikwa na malaria usiweze kula wala kunywa, simamisha losartani, furosemidi na dapagliflozini mpaka utakapokula na kunywa vizuri, kwa kawaida siku moja hadi mbili, na kama inazidi hapo nenda hospitali. Mwili uliokauka ukiongezewa dawa hizo, figo zinazimika. Waandikie nyumbani, mbandike kwenye kabati la dawa. Halafu kila unapotibiwa popote, hata zahanati ya jirani, sema una figo kabla hawajakuchoma jentamisini au kukutia dawa ya rangi kwa ajili ya picha ya CT.

Tuingie jikoni. Mpe shemeji pole na hongera, kwa sababu ana nia njema, lakini amekunyima chakula. Mgonjwa wa figo anayekonda anateseka zaidi akifika kwenye mashine, na wapo wanaofika wakiwa mifupa. Protini haiondolewi, inapimwa. Kiwango chetu ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Tuseme una kilo 70, ni gramu 56 kwa siku. Yai moja lina 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, kama 20. Ugali wa unga gramu 200 una 16 hivi, maana unga wa mahindi nao una protini yake. Jumlisha: 57. Hiyo ndiyo siku yako, na maharage yamo, samaki yumo. Kitakachokuponza ni nyama choma nusu kilo ya Jumamosi, na unga wa protini wa vijana wa mazoezi.

Maharage yalipewa sifa mbaya kwa ajili ya fosforasi. Fosforasi ya mimea mwili unaipokea kwa kiasi kidogo, kwa sababu sehemu kubwa imefungwa kwenye fitati ambayo tumbo letu haliimeng'enyi vizuri. Ile inayoingia karibu yote ni ya viwandani: soda nyeusi, soseji, jibini za pakiti. Dagaa nao wanaliwa na mifupa yao, na mifupa ni fosforasi, kwa hiyo dagaa wawe wa mara moja moja, na waoshwe chumvi.

Chumvi ndiyo adui wa kweli, na kwa Tanga adui huyu ana marafiki wengi. Papa na ng'onda vimekaushwa kwa chumvi. Viungo vya mchuzi vya pakiti vina chumvi kuliko viungo. Achari, chumvi. Na magadi! Watu wanaacha chumvi mezani halafu wanalainishia maharage na kisamvu kwa magadi, na magadi ni sodiamu hiyohiyo kwa sura nyingine. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha bila magadi. Kiwango cha siku ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichofutwa, kwa kila kitu. Najua hakuna anayepima chumvi kwenye mizani, kwa hiyo fanya hivi: siku mnayofungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu watano ikila gramu 5 kila mmoja, pakiti hiyo inakaa siku 20. Ikiisha siku ya 12, sote tunajua nani anaipandisha presha. Na kwa kuwa mkate na ng'onda vinaleta chumvi yao wenyewe, kwenu ingefaa ipite hizo 20. Limao, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vinafanya kazi vizuri, na ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Ila zile chumvi zinazouzwa kuwa ni za wagonjwa wa presha usiziguse. Nyingi ni za potasiamu.

Matunda rudishiwa. Potasiamu yako ni 4.9 na haijavuka mpaka. Tunda moja kwa mlo, papai, nanasi, tikiti kipande, chungwa, halina shida kwa sasa. Madafu hapana, yana potasiamu nyingi, na kwa mtu wa pwani najua hilo ni pigo. Ikipanda juu ya 5.5 ndipo tutabana zaidi: viazi, ndizi za kupika na mihogo vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe, mchicha vivyo hivyo. Birimbi nazo ziweke kando. Kipande kwenye mchuzi si hoja, lakini India wameripotiwa watu waliokunywa juisi yake nzito na figo zikazimika ghafla kwa sababu ya asidi ya oksaliki iliyomo.

Maji lita nne, hapana. Wakanada waliwahi kuwapima wagonjwa wa figo, nusu wakahimizwa kunywa zaidi kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018: figo zao hazikwenda polepole kuliko za wenzao. Maji hayaoshi figo. Na wewe unavimba miguu, kwa hiyo mengine yanabaki mwilini yakipandisha presha. Kunywa kwa kiu. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Ukiongeza kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si unene.

Mizizi ya jirani. Sina ugomvi na mitishamba kama mitishamba. Dawa nyingi za hospitali zilitoka kwenye miti. Ugomvi wangu ni kwamba figo ndizo zinazotoa sumu ya kila unachokunywa, na zako hazina akiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo kwa sababu ya dawa ya mitishamba ya kupunguza unene iliyokuwa na mmea wenye asidi ya aristoloki. Wengi waliishia kwenye mashine, na wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo baadaye. Walikuwa na figo nzima walipoanza. Tena figo zako hazijaziba kitu ili zizibuliwe, labda hiyo utrasaundi ituambie vingine, na hapo atazibua daktari wa njia ya mkojo. Mrudishie jirani chupa yake kwa heshima. Na sisi tuliokuwa kazini mwaka 2011, enzi za kikombe cha Loliondo, dawa ya mti iliyosemwa inaponya maradhi sugu, tunajua gharama ya kuacha vidonge kwa sababu umeambiwa umepona.

Sasa kuhusu kujiandaa, neno ambalo naona limekuumiza. Daktari wako hajakukatia tamaa. Kujiandaa ni sehemu ya kuchelewesha, kwa sababu aliyejiandaa anaweza kusubiri hadi mwisho kwa usalama, na asiyejiandaa anakuja usiku hawezi kupumua, anawekewa mpira wa shingoni kwa dharura, na mpira huo ndio mlango wa maambukizi ya damu. Njia bora ni kuunganisha mshipa na ateri kwenye mkono, upasuaji mdogo, na unahitaji miezi miwili hadi mitatu kukomaa. Tunaanza kuufikiria figo zikiwa kati ya 15 na 20 na zinaendelea kushuka. Kwa hiyo kuanzia leo mkono wako usioufanyia kazi, wa kushoto kama unashika nyundo kwa kulia, usiguswe na mtu: wasitoe damu, wasiweke dripu. Kama lazima, watumie mgongo wa kiganja. Manesi watashangaa, waambie sababu.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipate mapema, wakati mwili bado unaiitikia. Damu yako ikipungua, na itapungua kwa sababu figo ndizo zinazoagiza uboho utengeneze damu, mwulize daktari madini ya chuma na sindano za erithropoetini, ile homoni ya figo ya kuagiza damu, kabla ya kukimbilia kuongezewa damu. Damu ya mtu mwingine inaufundisha mwili wako kukataa viungo vya wengine, na mimi bado nakuhesabu kama mtu wa kupandikizwa. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata 2018. Miaka 57 si uzee kwa jambo hilo. Figo inatoka kwa ndugu aliye hai, na wanao nao wapimwe presha, sukari na mkojo hata kama hakuna anayefikiria kukutolea figo, maana ugonjwa huu unapenda kutembea ndani ya ukoo.

Utajuaje siku ya mashine imefika? Hakuna namba. Australia na New Zealand waliwagawa wagonjwa 828, wengine waanze mapema figo zikiwa 10 hadi 14, wengine wasubiri hadi 5 hadi 7 au mpaka dalili zitokee. Matokeo ya 2010: hakuna kundi lililoishi zaidi ya jingine. Waliosubiri walianza kama miezi sita baadaye, na wengi wao walianzishwa na dalili kabla ya kufika 7. Kwa hiyo akikuambia mtu uanze kwa sababu tu karatasi imeandika 13 na wewe unakula, unalala na unaranda mbao, uliza kwanza. Lakini ukianza kutapika asubuhi hata chai haikai, ukikosa pumzi ukilala chali, ukichanganyikiwa, mkojo ukikatika, au misuli ikalegea na moyo ukadunda hovyo, usiulize mtu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na Ramadhani. Kwa figo zilizo chini ya 30, pamoja na kisukari na sukari inayoshuka usiku, ushauri wangu ni usifunge. Saa kumi na tatu na ushee bila maji kwa joto la Muheza ni ile siku ya kuumwa niliyoieleza juu, ikirudiwa mwezi mzima. Qur'ani imemruhusu mgonjwa, sura ya pili, aya ya 184, na kwa kuwa maradhi yako ni ya kudumu, imamu wako atakueleza namna ya kutoa fidya, kumlisha maskini kwa kila siku. Kama moyo utakataa kabisa, basi onana na daktari wiki sita kabla ya mwezi, upime kreatinini na potasiamu, dawa zipangwe upya kwa ajili ya daku na futari, urudie kipimo baada ya wiki ya kwanza, na ufungue papo hapo sukari ikiwa chini ya 3.9 au ukisikia kizunguzungu. Futari nayo isiwe ya tende kumi na madafu mawili.